Mgeni njoo, mwenyeji apone: Deni la wafanyabiashara wa Malaba kwa wanaowatunzia wazazi

MALABA. Kabla jua halijachomoza, foleni ya malori huwa imeshajipanga Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na wafanyabiashara wadogo wanavuka kwa miguu wakiwahi bei ya asubuhi. Maharage, karanga, mahindi na mayai hutoka Uganda. Sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki hutoka Kenya. Kila mzigo una mwenyewe, na kila mwenyewe ana hesabu yake. Jambo moja haliingii kwenye hesabu hizo: nani amebaki nyumbani na mzee.

Kwa mfanyabiashara mwenye mzazi mgonjwa, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama duka litafunguliwa au la. Mzazi aliyepata kiharusi, aliyepoteza kumbukumbu au asiyeweza tena kwenda msalani peke yake hawezi kuachiwa chupa ya chai na redio mpaka jioni. Katika miji ya mpakani, anayebaki naye anaweza kuwa mwanamke aliyetoka upande wa pili wa mpaka. Yeye naye amevuka kutafuta riziki, kama mfanyabiashara. Tofauti ni kwamba anachouza ni mikono yake na saa zake, na jioni harudi kwao.

Familia moja ya Wateso upande wa Kenya, iliyoomba majina yake yasitajwe, imeishi na mtunzaji wa namna hiyo tangu mwaka 2019. Yaliyotokea katika nyumba hiyo yanaonyesha kile ambacho wafanyabiashara wengi wanajua lakini huwa hawakisemi: kwamba biashara yao inasimama kwa mgongo wa mtu mwingine, na kwamba kumshukuru mtu huyo kunahitaji zaidi ya kumwambia asante.

Mtaji ulioanza kuyeyuka

Mama wa nyumba hiyo alipata kiharusi mwaka 2018, akikaribia miaka 80. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na maneno yakapotea. Binti yake wa kwanza, ambaye hununua maharage na karanga Tororo na Mbale na kuziuza Malaba na Bungoma, alifunga biashara kwa miezi mitatu ili amuuguze.

Miezi mitatu sokoni ni mingi. Wanunuzi wake wa jumla hawakuweza kusubiri, wakahamia kwa wengine. Waliokuwa na madeni yake wakawa hawapokei simu, kwa kuwa mdaiwa wa sokoni humlipa anayemwona. Fedha ya mtaji ikaingia kwenye dawa za presha, nauli za kliniki na nepi za watu wazima. Kaka zake wawili, mmoja Nairobi na mwingine Eldoret, walituma walichoweza. Fedha zilifika, lakini mikono ya kumwinua mama kitandani haikutumwa kwa simu.

Alijaribu wasaidizi wawili. Wa kwanza aliondoka baada ya wiki mbili. Wa pili alikuwa na bidii, ila mgonjwa hakumkubali. Wote wawili walimsemesha kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni maisha yake yote, ambayo ugonjwa ulikuwa umeifuta. Kijiko kilipokaribia alifunga mdomo. Walidhani ni ukaidi wa uzee.

Mwanzoni mwa mwaka 2019, jamaa wa mbali alimleta mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa mama yake mzazi. Siku ya kwanza alimsalimu mgonjwa kwa Kiteso na kumwita “toto”. Jirani asiyejua Kiteso aliyekuwa amekuja kuwajulia hali alicheka, akidhani bibi anafanywa mtoto. Kwa Kiteso, toto ni mama. Mgonjwa aligeuza kichwa kumtazama anayezungumza, na usiku huo akala uji bakuli zima.

Lugha hiyo iko pande zote mbili kwa sababu watu wake walikuwapo kabla ya mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya, na Wateso wakajikuta katika nchi mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa Wasamia wa Busia, Wakuria wa Sirari na Isebania, na Wamasai wa Namanga. Kwa mzee ambaye ugonjwa umemwachia lugha ya utotoni tu, mtu wa ng'ambo anaweza kuwa karibu zaidi kuliko msaidizi aliyetoka mkoa wa mbali ndani ya nchi yake mwenyewe.

Kazi isiyoonekana ikifanywa vizuri

Anayepita nyumbani hapo saa nne asubuhi humkuta bibi amekaa kivulini, amevaa gauni safi na kitambaa kichwani. Huona mzee aliyetulia na mwanamke anayechambua maharage kando yake, na anaweza kufikiri kwamba hakuna kazi kubwa hapo.

Kazi ilianza usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia pale mifupa inapokandamiza ngozi, hasa kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo. Ushauri wa kawaida wa wauguzi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi. Mtunzaji huyo aliweka kengele ya simu, na kwa miezi ya mwanzo, kabla bibi hajaanza kukaa, aliamka kila ilipolia. Daktari aliyemwona mgonjwa baadaye aliuliza familia ilitumia godoro gani la hospitali. Hawakuwa nalo. Walikuwa na mtu anayeamka.

Kulisha nako kuna hatari yake. Baada ya kiharusi, misuli ya koo inaweza kuwa dhaifu, na chakula au maji yakaingia kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Kwa hiyo mgonjwa hukalishwa wima, hupewa kijiko kidogo, husubiriwa ameze, kisha hubaki amekaa kwa muda baada ya kula. Uji mzito humezeka kwa usalama kuliko maji matupu. Mlo ambao mtu mwenye haraka angeumaliza kwa dakika kumi humchukua mtunzaji karibu saa nzima, mara tatu kwa siku.

Kuna pia dawa za presha ambazo hazitakiwi kurukwa hata siku mgonjwa anapoonekana mzima, mazoezi ya vidole vilivyokunjamana, na kazi ambayo watoto wa kuwazaa huona haya kuizungumza: kumsafisha mzazi. Binti wa nyumba amekiri kwamba hilo ndilo lilimwelemea zaidi alipokuwa peke yake. Mtunzaji hulifanya mlango ukiwa umefungwa na shuka juu ya mapaja ya bibi, akizungumza naye habari za mashamba ya karanga ya Kumi, ili akili ya mgonjwa iwe kwingine.

Biashara ilifunguliwa tena mwezi wa pili baada ya mtunzaji kufika. Mwisho wa mwaka 2019, mwenye biashara alikuwa amerudisha wateja wake wengi na kuanza tena kukodi nusu ya lori.

Mzigo ulipita, mtu akabaki

Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia katika ukanda huu, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, na foleni ya madereva waliokuwa wakisubiri kupimwa Malaba ilienea kilomita nyingi ndani ya Kenya. Aliyekuwa akivuka kwa miguu na gunia lake alizuiwa.

Habari za kufungwa kwa mpaka zilipotangazwa, mtunzaji alikuwa na saa chache za kuamua. Mwenye nyumba alimwambia yuko huru kwenda kwa watoto wake, na nauli akampa. Alikaa na ile nauli mkononi mpaka jioni, kisha akairudisha. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: akiondoka, usiku ule nani angemgeuza bibi?

Alidhani ni wiki chache. Ikawa zaidi ya nusu mwaka. Biashara ya maharage ilisimama kwa kuwa mwenye biashara hakuweza kuvuka kununua, na kwa miezi minne mshahara haukulipwa. Mtunzaji hakuacha kazi. Chakula kilipopungua walikula wote kidogo.

Agosti mwaka huo, mama mzazi wa mtunzaji alifariki dunia Kumi. Aliyewapigia simu alisema maziko ni kesho yake. Palikuwa na njia za panya kuvuka mto, lakini kukamatwa kulimaanisha karantini, na kurudi kungekuwa kugumu zaidi ya kwenda. Mwanamke huyo alisikiliza maziko ya mama yake kwa simu iliyoshikwa na mwanawe, amekaa uani nyumbani kwa mama wa mtu mwingine. Saa kumi na mbili jioni aliingia ndani kumlisha bibi, kwa kuwa ulikuwa wakati wake wa kula.

Familia inasema bibi, ambaye hana maneno zaidi ya machache, alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima wa kushoto na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Asante iliyoingia kwenye daftari

Mwenye biashara ana daftari la madeni, kama kila mwuzaji wa jumla. Mwezi wa kwanza aliposhindwa kulipa mshahara, aliandika jina la mtunzaji kwenye ukurasa wa watu anaowadai, kwa mazoea. Alipogundua, alilikata na kulihamishia ukurasa wa pili, wa watu wanaomdai yeye. Anasema kuliona jina lile miongoni mwa wenye magunia yao kulimfanya afikiri upya. Wenye magunia aliwalipa hata kwa kukopa, maana asipowalipa hatapewa mzigo tena. Huyu aliyempa miaka ya maisha yake alikuwa wa mwisho kukumbukwa, kwa kuwa alikuwa mpole na alilala nyumba moja naye.

Mpaka ulipofunguliwa Oktoba 2020, jambo la kwanza lilikuwa safari ya Kumi. Mwenye biashara alifunga duka kwa wiki mbili, akamwita kaka yake wa Eldoret aje kukaa na mama, kisha akasafiri na mtunzaji hadi kwao kuweka udongo na kuhani. Walikwenda na mchele, sukari na ng'ombe mmoja wa shughuli. Kaka yule, baada ya wiki mbili za kuamka na kengele, alipandisha mchango wake wa mwezi bila kuombwa.

Malimbikizo ya mshahara yalilipwa kwa awamu hadi katikati ya mwaka 2021. Baada ya hapo walikaa wakaandika makubaliano: mshahara na tarehe yake, siku moja ya kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka ambayo nauli yake hutolewa na mwajiri, na kifungu ambacho mtunzaji alikitaka mwenyewe, kwamba ukitokea ugonjwa au msiba kwao ataondoka siku hiyo hiyo, na familia itajua namna ya kukaa na bibi.

Si kila nyumba imefika hapo. Sokoni bado yasikika maneno kwamba msaidizi anakula bure na kulala bure, hivyo mshahara mdogo unatosha. Au kwamba yeye ni kama mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba haandikiwi mkataba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtunzaji hupewa jembe siku ya kwanza. Ikiwa ni mtu wa nyumbani wakati wa kazi na mgeni wakati wa malipo, basi undugu huo umetumika upande mmoja tu.

Karatasi za mzigo na karatasi za mtu

Wafanyabiashara wanaujua utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Gunia la karanga kutoka Kumi lina njia yake iliyonyooka.

Njia ya mwanamke wa Kumi ina kona. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama. Lakini kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizokuwa tayari kuzifungua, na orodha hizo zililenga zaidi wataalamu na mafundi. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, ruhusa ya kuingia nchini si kibali cha kufanya kazi, na wengi wanaotunza wazee huishi kwa ruhusa ya wageni, wakiogopa kumlalamikia mwajiri hata anapowadhulumu.

Upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ueleweshwe kwa lugha anayoijua mfanyakazi ikiwa hawezi kusoma. Inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Serikali pia hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, unaongeza jambo linalowagusa moja kwa moja wanaovuka mipaka: mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria na vitambulisho vyake mwenyewe.

Kwa mfanyabiashara anayemwajiri mtu wa ng'ambo, mambo matano yanaweza kuanza leo bila kungoja itifaki mpya. Kwanza, aulize ofisi ya uhamiaji ya mpakani kuhusu kibali kinachohitajika, kabla ya kumpokea mtu na si baada ya msako. Pili, makubaliano yaandikwe nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Tatu, kitambulisho kibaki kwa mwenyewe. Kukizuia ili asiondoke ni kumfunga. Nne, mshahara ulipwe kwa simu au kwa risiti, tarehe ile ile, kama anavyolipwa mwenye mzigo. Tano, ndugu wote wa mgonjwa wapangiwe zamu na mchango, ili siku ya mapumziko ya mtunzaji iwe siku kweli.

Vyama vya wafanyakazi vya sekta hii, kama KUDHEIHA nchini Kenya na CHODAWU nchini Tanzania, husaidia pande zote mbili kujua haki na wajibu.

Wazazi wa pande mbili

Serikali za ukanda zimeanza kuwakumbuka wazee kwa fedha taslimu. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, ambao umekuwa ukitoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Uganda imekuwa ikiwapa shilingi 25,000 za Uganda wenye miaka 80 na kuendelea. Zanzibar ilianza pensheni kwa wote wenye miaka 70 mwaka 2016. Ni msaada unaofika kwenye unga, sabuni na dawa. Hauwezi kulipa mshahara wa mtu wa kukaa na mzee, kwa hiyo mzigo huo unabaki kwa familia, na familia inabaki kumtafuta mtu.

Mtu huyo naye ana wazazi. Hili ndilo lililo mbele ya familia ya Malaba sasa. Baba wa mtunzaji bado yu hai Kumi, macho yake yamefifia, na watoto aliowaacha wadogo wamekuwa vijana. Amemwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwaka huu atarudi kwao kumtunza.

Mwenye biashara hakuficha kwamba habari hiyo ilimkosesha usingizi. Mama yake amevuka miaka 80, na hakuna anayejua kama atamkubali mtu mwingine. Ndugu mmoja alishauri mshahara uongezwe mara mbili ili abaki. Yeye alikataa kulipeleka pendekezo hilo, akisema asingeweza kumwomba mtu awakose wazazi wake wote wawili kwa ajili ya mama yake.

Badala yake, binamu wa mtunzaji amefika kutoka Kumi na analala chumba cha bibi tangu mwezi uliopita, akijifunza kumgeuza, kumkalisha wima na kusubiri ameze. Mkataba wake uliandikwa kabla hajafungua begi. Kwa anayeondoka, mwenye biashara ameandaa mzigo wa kuanzia: magunia ya sukari na katoni za sabuni kwa mali kauli, alipe atakapouza, afungue kibanda karibu na nyumba ya baba yake. Msimu wa karanga ukifika, yeye ndiye atakayemkusanyia magunia ya Kumi.

Bibi bado anampa kisogo yule binamu anapoleta kijiko. Wiki iliyopita alikubali vijiko vinne.